Likikataliwa Tokyo, Hupakia Kiminini

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na masizi meusi tititi, yaliyotoka kwenye ekzosi za magari ya dizeli. Aliitikisa chupa ile mbele ya kamera, akasema jiji lake hutoa masizi ya kujaza chupa 120,000 za namna hiyo kila siku. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Oktoba 2003, Tokyo na majirani zake watatu, Saitama, Chiba na Kanagawa, walifunga njia kwa malori, mabasi na vani za mizigo za dizeli zisizofikia kiwango cha masizi. Gari lilipewa miaka 7 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ikiisha, mwenyewe ama alifunge kichujio cha bei ghali, ama alitoe barabarani.

Wengi waliyatoa. Ila kutoka barabarani Tokyo si kutoka barabarani duniani. Kenya ilikuwa na kiwango chake, KS 1515 cha mwaka 2000, kinachokataza kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko litokako. Ukiondoa 7 kwenye 8 unabaki na mwaka mmoja, na mwaka mmoja unatosha kabisa kutafuta mnunuzi na kupakia meli. Hakuna aliyeketi kikao kupanga hivyo. Hesabu zenyewe ndizo zilizokubaliana. Vani iliyokuwa ikisambaza vifurushi huko Japani ilishuka Mombasa, ikafungwa viti, ikapigwa mstari wa njano, kisha ikaanza kuitisha abiria Kitale: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma. Masizi ya gavana yalikuwa yamehamia kwingine.

Wamarekani nao wana njia yao ya kuachana na gari lililofeli. California, gari lisilopita kipimo cha moshi haliongezewi leseni ya barabara, na matengenezo yanaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Hapo ndipo mashirika ya hisani hujitokeza: tupe gari lako, tutalivuta bure, nawe utapunguziwa kodi. Hisani hiyo ilipochunguzwa mwaka 2003 na ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali, ilionekana kuwa walipa kodi wapatao 733,000 walikuwa wamepunguziwa kodi ya jumla ya dola milioni 654 kwa magari waliyoyatoa katika mwaka wa kodi wa 2000. Wakaguzi wakafuatilia magari 54, moja moja, hadi mwisho wa safari. Katika thuluthi mbili hivi ya magari hayo, shirika lililopewa gari liliambulia asilimia 5 au chini ya thamani aliyoidai mtoaji. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa: shirika likiliuza gari, mtoaji adai kile tu kilichopatikana sokoni. Mpaka hapo sadaka ilikuwa imewafaa watoaji na madalali kuliko waliokusudiwa.

Kitale na Bungoma hazijawahi kuwa na desturi hiyo. Huku gari linalofuka halitolewi sadaka. Linauzwa, linashuka daraja, linauzwa tena, na likishindwa kuuzika zima linauzwa vipande. Kwa karibu miaka mia moja miji hii miwili imepokea vyombo vya moto ambavyo watu wengine wamemalizana navyo, na kila mara imelipia.

Mwanzoni hata hivyo vyombo havikuwapo. Walowezi waliokuja Trans Nzoia kabla ya reli walifika kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakizama matopeni tangu Londiani hadi Eldoret na mbele yake. Reli ya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi lake la kutoka Leseru likaingia Kitale mwaka 1926. Njia kuu ilielekea Uganda ikipita Broderick Falls, ambayo ndiyo Webuye ya leo, kisha Bungoma na Malaba. Gari la mlowezi wa wakati huo mara nyingi lilikuwa Ford iliyoletwa bila bodi. Sanduku la mbao la nyuma lilipigiliwa papa hapa nchini, mara nyingi na mafundi wa Kipunjabi. Singasinga mwenye gereji ndiye aliyekuwa chuo cha kwanza cha umakanika katika miji mingi ya bara. Kijana wa Kiafrika aliingia gerejini mwake kushika spana na kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akatoka baada ya miaka kadhaa akiijua injini kwa kuisikiliza.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, jeshi lilibaki na malori mengi kuliko kazi. Yakauzwa. Miongoni mwa Waafrika waliotaka kuingia biashara ya uchukuzi walikuwamo askari waliorudi kutoka Burma na Ethiopia, wengine wakiwa wamejifunza udereva huko huko jeshini, na kwa kuwa akiba ya mtu mmoja haikutosha, walichanga. Lori lililochoka vitani likawa mali ya watu watano au kumi, likibeba mahindi, kahawa na watu kwa pamoja. Ushirika wa namna hiyo ulivunjika mara kwa mara, na si ajabu: springi ikikatika, ni nani kati ya kumi atakayetoa ya kununua nyingine?

Wimbi kubwa zaidi lilikuja na uhuru. Mpango wa Ekari Milioni ulianza mwaka 1962, walowezi wakaanza kufunga virago, na pamoja na mashamba wakauza matrekta, trela, Land Rover na mashine za kupukuchua mahindi. Si kwamba hawakuacha chochote cha bure. Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926 na kufariki mwaka 1966, aliiachia nchi kwa wasia mkusanyiko wake wa wadudu, ndege, wanyama na vitabu, na kutokana na wasia huo Kitale ilifunguliwa makumbusho mwaka 1974, ya kwanza ya taifa katika miji ya bara. Vipepeo vilitolewa bure, matrekta yaliuzwa. Wanunuzi wengi walikuwa makampuni na vyama vya kununua mashamba, na kwa vile trekta lilikuwa limekwisha kulima misimu mingi kabla ya kubadilisha mikono, mwenye shamba mpya alirithi deni la benki na gia mbovu siku moja.

Wakati huo huo wanasiasa walikuwa wakigombania Kitale yenyewe: iwe upande wa Magharibi pamoja na Bungoma, au ibaki Bonde la Ufa? Ilibaki Bonde la Ufa mwaka 1963. Abiria hawakuona tofauti. Shangazi aliyeolewa Kiminini bado alitaka kwenda matangani Chwele, na mpaka wa mkoa haukumzuia. Kilichomzuia kilikuwa usafiri.

Usafiri ulifunguka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotamka kwamba matatu ziendeshe shughuli zake bila leseni zile zilizodaiwa mabasi. Kilichokuwa kikifanywa kwa kujificha kikawa halali. Pikapu zikaezekwa turubai au mabati, mabenchi mawili yakafungwa ubavuni, na kila gari lililoweza kwenda likawa la abiria. Kwa safari ndefu, ya kutoka mji hadi mji, mfalme wa barabara alikuwa Peugeot.

Sifa yake ilianzia kwenye mbio. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo dereva alikuwa Bert Shankland kutoka Tanzania. Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Waliosimama kando ya barabara za vumbi kutazama hawakusahau, na gari hilo lilipoanza kuunganishwa Mombasa, ambako kazi hiyo iliendelea hadi 2004, lilipata wateja ambao tayari walikuwa waumini.

Ukiifungua 504 ya kubebea familia unaelewa kwa nini ilikataa kufa. Ina safu tatu za viti na gia ya kwenye usukani, jambo linaloacha nafasi ya mtu wa ziada mbele, nafasi ambayo dereva hakuiacha wazi hata siku moja. Nyuma ina ekseli nzima iliyobebwa na springi nne za kuzunguka, mbili kila upande, ndiyo maana ilipanda na watu kumi na kuku wao bila kugusa chini. Siri kubwa, hata hivyo, iko ndani ya injini. Slivu zake ni za kuchomoa: pistoni zinakimbia ndani ya mikebe ya chuma iliyozungukwa na maji, na mikebe hiyo ikilika, fundi anaing'oa na kutia mipya pamoja na pistoni na ringi zake. Hahitaji mashine ya kutoboa upya silinda, wala kuipeleka bloku Nairobi. Anahitaji mti wenye kivuli na tawi imara la kuning'inizia mnyororo. Injini iliyokufa Jumatatu ingeweza kubeba abiria kabla ya Jumapili.

Mafundi hao walikuwapo zamani kabla serikali haijawapa heshima. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ndiyo iliyoifanya dunia ya wasomi itambue kwamba sehemu kubwa ya Wakenya wanajipatia riziki nje ya ajira rasmi, na serikali ilikuja kuwaandikia mafundi wa jua kali sera yao mwaka 1992. Wao walikuwa na kipimo chao cha moshi tangu siku nyingi, na hakikuhitaji umeme. Gari likiletwa, fundi husimama nyuma na kumwambia msaidizi akanyage mafuta. Moshi wa buluu: injini inakula oili, ringi zimekwisha. Moshi mweusi kwenye dizeli: nozo zinakojoa badala ya kupuliza, au kichujio cha hewa kimeziba. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto: maji yanapita kwenye gasketi, silinda hedi ifunguliwe. Wengine hupitisha kidole ndani ya ekzosi na kuangalia kilichoshika, kama ni mafuta au ni vumbi kavu. Hukumu inayotolewa hapo ni ya kweli mara nyingi, ila haisemi kamwe kwamba gari liondolewe barabarani. Inasema tu kitakachogharimu kulirudisha.

Na hata linapokuwa juu ya mawe kabisa, kazi haijaisha. Magharibi mwa Kenya kulijua chuma kabla ya gari; majembe ya Wasamia yalikuwa yakibadilishwa kwa mifugo na nafaka kabla Mzungu hajaleta ya dukani. Kwa hiyo gari lililokufa lilipokelewa na watu waliojua la kufanya. Majani ya springi yalipelekwa kwa mfua vyuma yakawa panga, patasi na visu. Ekseli ya pikapu na magurudumu yake mawili ikawa mkokoteni wa punda, na mikokoteni hiyo bado inapita Kitale ikibeba maji, kuni na magunia ya mahindi. Tairi likakatwa akala. Bati la boneti likawa jiko. Oili chafu ikapakwa kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile mti. Ukihesabu hivi, gari moja lililofeli limewalisha watu wengi kuliko lile la California, na hakuna aliyepunguziwa kodi.

Lakini tusilipambe mno jambo hili. Oili ile ile huishia mitaroni, na mitaro huishia mto Nzoia. Watu wa Webuye hasa hawahitaji kufundishwa habari za hewa chafu: kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichoanza kazi miaka ya 1970 kiliwapa ajira pamoja na harufu iliyosikika maili kadhaa, na wenye nyumba walilalamika kwa miaka kwamba mabati yao yanaliwa na kutu kabla ya wakati. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 waliomboleza mishahara. Harufu haikuombolezwa.

Mapema miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na ya fedha za kigeni, na soko likageuka ghafla. Magari yaliyotumika Japani yakamiminika, mengi yakipitia Dubai. Nissan na Toyota za abiria 14 zikaisukuma Peugeot pembeni, na kwa safari fupi ikaja Probox, gari la mizigo midogo ambalo Toyota ililizindua mwaka 2002 na ambalo huku hubeba watu kwa idadi ambayo waliolibuni hawakuiwazia. Sahani ya namba ya magari hayo hukuambia yalifika Kenya lini. Haikuambii yalisajiliwa lini Yokohama. Mnunuzi mjuzi huangalia mshipi wa usalama, ambao mara nyingi una lebo yenye mwaka wa kutengenezwa.

Magari hayo yalikuja na kifaa ambacho Peugeot haikuwa nacho: kisafisha moshi kilichofungwa katikati ya ekzosi, chenye matundu madogo madogo mfano wa sega la asali, kilichopakwa platinamu, paladi na rodi. Kwa miaka kadhaa kifaa hicho kilikuwa bure, maana petroli iliyouzwa Kenya ilikuwa na risasi, na risasi huziua zile metali. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondoka kwenye pampu. Ni ushindi mkubwa ambao hausimuliwi vya kutosha, hasa kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa watoto. Dizeli ilifuata: mwanzoni mwa 2015 kiwango cha salfa katika Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni.

Kwa hiyo mafuta yalipokuwa safi, kisafisha moshi kingeweza hatimaye kufanya kazi. Ndipo kikaanza kutoweka. Wanunuzi wa metali waligundua kwamba kipande hicho kina thamani kuliko milango yote minne. Vingine hung'olewa hata kabla gari halijapanda meli. Wakaguzi wa Uholanzi waliochunguza mwaka 2020 magari makuukuu yanayoelekea Afrika walikuta mengi hayana cheti halali cha ukaguzi, na baadhi yameshachomolewa visafishaji. Mwaka huo huo shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilitoa hesabu: magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na manne kati ya kila kumi yalikuja Afrika.

Sheria ya moshi Kenya inayo. Kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta ya kisukuku zilitangazwa mwaka 2006, na za ubora wa hewa zikafuata mwaka 2014. Lakini tangu enzi za masharti ya matatu ya waziri wa uchukuzi John Michuki, yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, jicho la polisi wa barabarani limekuwa kwenye kidhibiti mwendo, mishipi na idadi ya abiria. Ajali huua mbele ya macho ya watu; moshi huua polepole, na hauandikiwi faini kirahisi. Uganda, ambayo Bungoma hupakana nayo, ilikuja kuweka mwaka 2018 kikomo cha miaka 15 kwa magari yanayoingia. Gari linalokataliwa Mombasa kwa uzee, basi, bado linaweza kukubaliwa ng'ambo ya Malaba, na lori linalolivusha hupita Webuye na Bungoma likiwa njiani.

Mwisho wa magari hayo ni chuma, na jinsi chuma hicho kilivyogeuka biashara kubwa ilionekana Januari 2022. Nguzo za umeme zilianguka, nchi ikaingia gizani, wizi wa vyuma ukatajwa, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu. Sheria ya mwaka 2015 ilikuwa tayari inadai leseni, lakini wengi kwenye biashara hiyo walikuwa hawajawahi kuiona. Kwa miezi mitatu na zaidi mizani za wanunuzi zilikaa kimya na vijana wanaosukuma mikokoteni ya vyuma wakakosa pa kuuzia. Marufuku iliondolewa mwezi Mei, kwa masharti mapya ya usajili na kumbukumbu za kila kinachonunuliwa.

Kilicho karibu zaidi na sadaka ya Kimarekani kimo ndani ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 165. Ofisi ya serikali yenye gari isilolihitaji inaweza kuliuza kwa zabuni au mnada, kulibadilisha kwa jingine, kulitupa kwa utaratibu wa taka, au kulihamishia taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Umma unaujua zaidi mnada: magari ya namba za GK yaliyopangwa uani, majani yakimea kwenye madirisha, na wanunuzi wakichungulia chini ya boneti kuona kama betri imeibwa. Ile njia ya kuhamisha bila malipo ndiyo yenye maana kwa vyuo kama Kitale National Polytechnic na Sang'alo huko Bungoma, ambako mwanafunzi wa umakanika hawezi kufungua gari la mkuu wa chuo ili ajifunze. Anahitaji injini ambayo hakuna anayeililia.

Tatizo lililobaki ni la umri. Injini iliyochakaa vya kutosha kutolewa bure mara nyingi ina kabureta, na gari linalomsubiri mwanafunzi huyo nje ya geti lina kompyuta na vihisi viwili vya oksijeni kwenye ekzosi, kimoja kabla ya kisafisha moshi na kingine baada yake. Kisafishaji kikiwa kimeng'olewa, kihisi cha pili hugundua, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta hukichomeka chini ya usukani na kuona kosa kwa namba yake ndani ya dakika moja. Mwenye gari akiambiwa bei ya kisafishaji kipya, mara nyingi huuliza kama taa peke yake inaweza kuzimwa, na jibu la fundi ni kwamba inaweza.